Daftari Jeusi la Madume na Majike

Jumatatu, 3 Machi

Wametuhamisha. Ghorofa ya tatu, chumba kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Viti vitatu vimebaki — ndivyo tulivyopewa kukalia! Meza tatu, dirisha moja, soketi moja ya umeme. Na watu watatu ambao hakuna hata mmoja angemchagua mwenzake.

Niandike vizuri, nisije nikadhani baadaye niliota. Mimi: mtafiti wa fisi, miaka sita porini. Wa pili: profesa wa michezo ya kuchekesha ya zamani, ile ya uwanjani, wanaume peke yao, wanaovaa magauni na kuigiza wake za watu. Wa tatu: mwalimu wa fasihi, anasoma riwaya za mapenzi. Zile nyembamba, jalada la mwanamke analia na mwanamume kasimama nyuma yake. Kila mmoja aliomba ufadhili kivyake. Sote tukakataliwa. Mkuu wa kitivo akayachukua maombi matatu yaliyokataliwa, akayabana kwa stepla moja, akaandika juu: Kicheko, Uchumba na Woga. Wafadhili wakakubali! Kumbe walikuwa wanatafuta utafiti unaovuka mipaka ya fani. Sasa tumevuka, tumetua stoo.

Profesa nimempa jina Bwana Kicheko. Yule mwingine Bi Mahaba. Majina ya humu kwenye shajara tu. Mbele yao nasema Profesa na Mwalimu, kwa adabu zote.

Bila mradi huu kituo changu cha porini kinafungwa mwezi wa sita. Miaka sita, fisi arobaini na mmoja ninaowajua kwa madoa ya mabegani, halafu basi. Kwa hiyo nimekaa. Nimenuna, lakini nimekaa.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Kicheko anaanguka. Si ajali, ni kazi! Anasema michezo ya zamani ilikuwa na maanguko saba, kila moja na jina lake, na wachezaji wanaoyajua wamebaki wazee watatu tu. Basi anajifunza yeye mwenyewe kabla hawajafa. Leo anguko la pili: mume kasukumwa na mkewe, anazunguka, anadaka hewa, anatua kwa makalio. Sakafu ikatetemeka. Walio chini yetu wakagonga dari kwa ufagio.

Anahesabu muda kutoka kuanguka hadi kicheko. Kwa saa YANGU ya kupimia mbio! Kaichukua mezani pangu bila hata hodi. Saa ile napimia fisi anakula muda gani kabla hajafukuzwa kwenye mzoga.

"Daktari," kaniambia akiwa bado chali, "hapo ulisikia kucheka?"

Sikusikia. Akaandika: sekunde thelathini, hakuna kitu.

Bi Mahaba alikuwa ameshika mbavu, anacheka bila sauti. Yeye naye ana masanduku kumi na mawili ya riwaya, vitabu mia nne na kumi na viwili, kayapanga kati ya meza yangu na mlango. Nikitaka kutoka napita kiubavu. Ndani ya kila kitabu kachomeka kadi nyekundu panapoanza ugomvi wa kwanza wa wapenzi. Eti hauzidi ukurasa wa arobaini, na mara nyingi ni ukurasa wa thelathini na moja. Miaka kumi na moja kasoma ili kugundua hilo. Hongera zake.

Ananiita dada. Mimi si dada yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemleta fundi, katia kufuli kwenye droo yangu. Bwana Kicheko kauliza kama naficha almasi.

Naficha daftari jeusi. Madaftari ya kijani, yale ya porini, yako kumi na tisa na yeyote anaweza kuyaona: F7 kafanya hivi, F12 kafanya vile, saa, upepo, mzoga wa nini. Lakini F7 ni dume au jike? Hilo limo kwenye jeusi tu. Kwa fisi huwezi kukisia. Jike ana maumbile yanayofanana kabisa na ya dume, hata mabingwa hubabaika. Mpaka umwone ananyonyesha, au umchome sindano ya usingizi umkague kwa mkono. Nikiwa na hakika ndipo naandika, na naandika mahali pamoja. Miaka sita ya kulala kwenye gari imo ndani ya lile daftari la kurasa themanini.

Niliwahi kumwamini mtu wa meza ya jirani. Alinakili miaka yangu miwili, akaitoa kwa jina lake, akapandishwa cheo. Kwenye sherehe yake nilipewa soda.

Kwa hiyo kufuli. Ufunguo uko shingoni.

Jumanne, 11 Machi

Kikao kwa mkuu. Ripoti ya kwanza inatakiwa tarehe ishirini na moja, na wafadhili hawasomi Kiswahili. Madaftari yangu yote ni ya Kiswahili, kwa sababu porini naandika ninavyoona, sina muda wa kutafuta maneno ya wageni huku fisi wanakimbia. Nani atatafsiri? Mkuu kamtazama Bi Mahaba. Eti Kiingereza chake ndicho kizuri kuliko cha wote kitivoni.

Nilipinga. Nikasema kazi ya sayansi haitafsiriwi na mtu wa mabusu. Mkuu akasema, "Mama, tusigombane kama watoto," akageuza ukurasa wa ajenda.

Mchana Bi Mahaba kaja mezani na daftari la kijani namba tatu.

"Dada, samahani. F7 ni dume au jike?"

Nikamuuliza anataka kujua kwa nini. Akaniambia Kiingereza hakimruhusu kuendelea. Sisi tunasema anamfuata, anamfukuza, yamekwisha. Lugha yao inataka ijue kwanza huyu ni mwanamume au mwanamke ndipo imruhusu kutembea. Kila sentensi anagonga ukuta.

"Kila kitu kimo kwenye daftari," nikamwambia.

"Daftari lipi?"

"Hilo hilo la kijani. Soma kwa makini."

Nilijua hamna. Nilijua kabisa! Akarudi mezani kwake, akaanza kufunua upya toka mwanzo, kidole kikifuata mstari. Nilifurahi. Humu hakuna wa kunisoma, basi niseme ukweli: nilifurahi kuliko siku zote tangu tuhamie.

Alhamisi, 13 Machi

Kauliza tena. Safari hii kaja na chai na mto wa kukalia, eti ameona kiti changu kina msumari. Anadhani nanunulika kwa mto. Nikasema wataalamu wa fisi wanaelewa wenyewe kutokana na muktadha. Uongo mtupu, hakuna mtaalamu anayeelewa kwa muktadha, ndiyo maana wanachoma sindano.

"Dada, kuna daftari jingine? Profesa anasema kuna jeusi."

Domokaya yule! Nikamwambia Profesa aendelee kuanguka, hiyo ndiyo kazi anayoiweza.

Bi Mahaba kanitazama sana. Halafu akacheka kidogo, akasema mimi na yeye tuko ukurasa wa thelathini na moja. Bwana Kicheko akapima kwa saa: sekunde moja na nusu, kicheko cha watu wawili. Mimi nikatoka, kiubavu, nikagonga sanduku kwa goti. Linauma mpaka sasa.

Jumanne, 18 Machi

Mara ya tatu. Nikasema sina muda. Mto bado uko pale chini ya dirisha. Kiti kimenichana sketi.

Ijumaa, 21 Machi

Sahihi tatu zinatakiwa. Ripoti kurasa tisini na nne. Bi Mahaba kaishika kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Soma kwanza, dada. Sehemu ya fisi hasa. Kuna mahali sina hakika nayo."

Nikasaini nikiwa nimesimama. Nikasema sina muda wa hadithi. Jina langu ndilo la kwanza, ya kwao yanafuata. Angalau hilo mkuu kalifanya sawa.

Kesho porini. Wiki mbili bila hao watu!

Jumanne, 1 Aprili

Kituoni. Kibanda cha bati, meza ya mbao za sanduku, redio inayokoroma. Mzee wa Nyayo, mfuatiliaji wangu, kaniamsha kwa kugonga bati mara moja tu. Kwa lugha yake ina maana njoo haraka.

F7 amehamisha watoto! Wawili, weusi tititi, kawabeba mmoja mmoja kwa mdomo hadi pango la upande wa mkondo mkavu. Mimi na Mzee tumelala kifudifudi saa tatu nzima. F7 ndiye mkubwa wa kundi, mama wa nusu yao, hakuna anayekula kabla yake. F12 kaja kunusa. Huyo ni dume, mgeni, mwaka wa pili sasa anajipendekeza. Kaja kichwa kikiwa chini, masikio nyuma, hatua mbili mbele, moja nyuma. F7 kainua kichwa tu. Hakusimama hata! F12 akatetemeka miguu yote minne, akageuka, akakimbia.

Mzee wa Nyayo kasema, taratibu, kwamba bwana yule angekuwa na akili angetafuta kundi jingine.

Nikajisikia mtu. Nikajisikia nina damu. Nikikosa mahali hapa sijui nitakuwa nani. Nitakuwa mama mmoja mkali wa ghorofa ya tatu, basi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mungu wangu.

Saa tatu asubuhi mkuu kaniita. Anang'aa! Kanikaribisha kwenye kiti cha wageni, kile cha sponji. Barua imetoka kwa wafadhili. Wamemwonyesha ripoti bingwa wao wa fisi. Mkuu akanisomea kwa sauti, kwa furaha: matokeo ya kushangaza, yanapingana na yote yanayojulikana kuhusu mnyama huyu kwa miaka hamsini. Kamati ya watu watatu inakuja Ijumaa tarehe kumi na moja ili kupata maelezo.

"Miaka hamsini, Daktari! Umewapindua!"

Mimi sikupindua mtu. Fisi wangu wanafanya wanachofanya fisi wote. Nikaomba nakala ya ripoti. Nikaisoma nimekaa kwenye ngazi, watu wananiruka.

F7 ni bwana. Ukurasa wa kumi na saba: bwana F7 anamtazama bibi F12 kwa macho makali, naye bibi anageuza uso, anatetemeka, anakimbia huku moyo unamdunda. MOYO UNAMDUNDA! Mimi niliandika: F7 anamtazama F12. F12 anageuka, anatetemeka, anakimbia. Mwisho. Ukurasa wa ishirini na tatu: dume mwenye wivu anawafukuza wake wadogo kwenye mzoga. Hao ni binti zake F7! Na si maneno tu, kuna majedwali. Kahesabu. Kila anayefukuza kaingizwa safu ya madume, kila anayetetemeka safu ya majike. Nimepiga hesabu palepale kwa kalamu: fisi ishirini na sita kati ya arobaini na mmoja wamebadilishwa jinsia.

Kitu anachojua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba kwa fisi jike ndiye mkubwa, mimi nimekigeuza kichwa chini miguu juu. Mimi. Jina la kwanza. Sahihi ya kwanza, tena kubwa, ya mtu aliyesaini kwa madaha.



Jumanne, 8 Aprili

Nimemlipukia. Sijawahi kumpigia mtu kelele namna ile, hata yule mwizi wangu wa zamani. Nilimwambia yeye ni balaa lenye miwani. Nilimwambia amechukua miaka sita ya maisha yangu, akaipaka wanja. Nikapiga teke sanduku la riwaya, likapasuka, vitabu vikamwagika, wale wanawake wote wa majalada wakawa wanalia sakafuni.

Hakupiga kelele. Kavua miwani, kaifuta kwa ncha ya blauzi.

"Nilikuuliza mara tatu, dada. Tarehe kumi na moja, tarehe kumi na tatu, tarehe kumi na nane. Nimeandika kwenye kalenda."

"Ndiyo ukaamua kubuni?"

"Nilisoma kwa makini, ulivyoniambia. Nikaona huyu kila mara anafukuza, huyu kila mara anatetemeka. Nimesoma riwaya mia nne na kumi na mbili. Hakuna hata moja ambayo mwanamke ndiye anayefukuza." Akavaa miwani. "Nikakuomba usome kabla ya kusaini. Hilo nalo nimeliandika."

Bwana Kicheko alikuwa amesimama na nusu ya yai la kuchemsha mkononi. Nikadhani atatania. Badala yake akashangaa, kweli kabisa.

"Jamani, kwangu mimi mwanamke ndiye anayefukuza siku zote! Mke anafukuza, mume anatetemeka, ndio mchezo wenyewe! Si mngeniuliza mimi?"

Halafu akacheka. Akajaribu kujizuia, yai likampalia, akakohoa, akacheka tena. Bi Mahaba naye, machozi yakiwa bado machoni, mabega yakaanza kumtikisika. Walikuwa wananicheka mimi. Watu watatu chumbani, mmoja anakisia kwa riwaya, mmoja angekisia kwa mchezo wa uwanjani akapata sawasawa, na wa tatu ana jibu limefungwa kwa kufuli, ufunguo shingoni.

Nawachukia. Sijui kuliandika kwa namna nyingine. Namchukia yeye na kalenda yake, na yule na mayai yake, na hiyo sauti ya kucheka iliyonifuata ngazi zote tatu.

Jumatano, 9 Aprili

Mkuu ameelewa sasa. Hang'ai tena. Kiti cha sponji sikukaribishwa.

Kanieleza taratibu, kidole kikigonga mkataba. Kama ni kosa la tafsiri, tunatoa ukurasa wa masahihisho, mradi unaendelea, aliyetafsiri anajibu peke yake. Na Bi Mahaba ni mwalimu wa mkataba, mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Hawatauhuisha, hilo mkuu kalisema huku akitazama dirishani. Lakini kama mtafiti aliwaficha wenzake taarifa za utafiti wao wa pamoja, hicho ni kifungu cha tisa. Mradi unavunjwa. Kituo kinafungwa mwezi huu huu.

"Kamati itauliza swali moja tu," kasema. "Daftari la jinsia lilikuwa wapi wakati mwenzako anatafsiri?"

Hakuniuliza yeye. Nadhani hataki kujua.

Nyumbani nimemsimulia mdogo wangu. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini. Kasikiliza yote, hata ya mto. Nilitarajia atanitetea, damu yangu. Akasimamisha pasi, akaniuliza:

"Kwani ungempa tu hilo daftari, ungepungukiwa nini?"

Nikamwambia haelewi mambo ya utafiti. Akasema sawa dada, akaendelea na kola. Yeye ana haki ya kuniita dada na leo hata yeye kanikera.

Alhamisi, 10 Aprili

Ofisini, saa saba mchana. Wote wameenda kula. Nimeifungua droo, nimelitoa jeusi kumpelekea mkuu. Sasa nakaa niandike nitakachosema kesho, ili ulimi usije ukanata.

Nitasema: "Daftari jeusi lilikuwa wazi kwa wote. Lilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, chini ya kofia yangu ya jua. Hakunyoosha mkono tu."

Naisoma kwa sauti. Inasikika vizuri. Ile kofia inaipa uhai, maana mtu anayedanganya hakumbuki kofia. Ukweli ni kwamba kofia yangu ya jua iko kituoni, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, haijawahi kukanyaga jengo hili. Nani atajua? Na kama Bi Mahaba ataleta kalenda yake, nitasema kalenda anaiandika mwenyewe. Neno la daktari wa sayansi dhidi ya la mwalimu wa mkataba anayefundisha mabusu.

Atakosa kazi. Najua. Ana mama mgonjwa anayempigia simu kila siku saa nne, naye humwambia "ndiyo mama, nimekula mama," hata kama hajala. Najua hilo pia, tunakaa chumba kimoja, siwezi kutojua. Lakini fisi wangu hawana mtu mwingine. F7 ana watoto wawili ambao bado sijui ni madume au majike! Bi Mahaba atapata shule ya kufundisha popote. Vitabu vyake vinauzwa kila kona. Kituo kikifungwa hakifunguliwi tena.

Na ni yeye aliyebuni. Mimi sikumwambia abuni. Asiyejua si huacha pengo? Angeacha pengo!

Naitwa chini, projekta imegoma, wanataka nije na waya wa

Ijumaa, 11 Aprili

Saa mbili asubuhi. Jana projekta ilinila mchana wote, halafu mkuu kanipakia kwenye gari lake hadi karibu na nyumbani, akinipa nasaha. Shajara nikaiacha mezani, wazi! Sikulala vizuri. Leo nimeikuta pale pale, imefungwa, kalamu imewekwa katikati kama alama ya ukurasa. Mfagiaji wa ghorofa yetu ni mtu nadhifu, Mungu ambariki.

Bi Mahaba kavaa suti ya kijivu. Bwana Kicheko kavaa tai. Kanisalimia bila kutania, sijui anaumwa. Masanduku yamesogezwa, njia ya mlangoni ni nyeupe.

Nimeikariri sentensi yangu. Wazi kwa wote, ukingo wa dirisha, kofia.

Saa tano kasoro. Ndani ya kikao. Naandika huku chini ya meza, wanadhani nachukua kumbukumbu.

Wako watatu, wa ofisi ya wafadhili ya hapa nchini, kikao ni kwa Kiswahili. Mwenyekiti ni mama mwembamba, hanywi hata maji. Bingwa wa fisi hakuja, ila maswali yake kayaleta yamechapwa. Bwana Kicheko kaanza, kaeleza mke mkali na mume anayetetemeka, mmoja wao katabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. Kafungua majedwali. Kauliza nani alitafsiri. Bi Mahaba kanyoosha mkono juu, kama darasani.

Halafu swali. Lile lile, kama mkuu alivyosema. Kumbukumbu za jinsia zilikuwa wapi?

Nikavuta pumzi. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Na kabla sijafungua

Bi Mahaba kasimama. Kasema, sauti tulivu: "Daftari jeusi lilikuwa wazi kwa wote. Lilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, chini ya kofia yake ya jua. Sikunyoosha mkono tu."

Neno kwa neno.

Mwenyekiti kamgeukia Bwana Kicheko. Na huyu, mtu asiyeweza kupita mlango bila mzaha, kasema, "Ni kweli. Mimi nililiona hapo kila siku." Kakaa. Kaitazama tai yake.

Hakuna kofia. Hakuna mtu duniani anayejua habari ya kofia ile, sikumwambia hata mdogo wangu. Iko humu tu. Iko ukurasa wa nyuma wa huu ninaoandika.

Kasoma.

Si ukurasa mmoja. Aliyeukuta ule lazima alifunua na ya nyuma, ningekuwa mimi ningefunua. Kasoma mtu wa mabusu. Kasoma balaa lenye miwani. Kasoma Bi Mahaba! Kasoma kwamba nilifurahi alipokuwa anatafuta kwa kidole kitu nilichojua hakimo. Kasoma habari ya mama yake na kwamba najua hajala. Na kampa yule mwingine naye asome, au kamsimulia, wakakaa wakapanga. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya fisi? Hajawahi kuona fisi maisha yake!

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Alikuwa na haki ya kunimaliza. Kalenda iko kwenye mkoba wake, naiona ncha yake. Angeitoa tu. Ningemchukia kwa raha zangu mpaka siku ya kufa. Sasa kanipora hata hilo.

Mwenyekiti anaandika. Anasema kwamba kwa hiyo ni uzembe wa mtafsiri, na chuo kitachukua hatua zake. Mkuu anatikisa kichwa haraka haraka, anakubali. Bi Mahaba bado kasimama. Hakuna aliyemwambia akae.

Sasa anageukia kwangu. Anataka nithibitishe, kwa ajili ya kumbukumbu. "Daktari, ndivyo ilivyokuwa?"

Nikisema ndiyo, F7 ni wangu. Neno moja, silabi mbili.

Bi Mahaba hanitazami. Anatazama mezani. Midomo yake inasogea kidogo, naona, anasema ndiyo, dada, sema ndiyo.

Mwenyekiti anarudia swali. Anasema niweke kalamu chini nijibu. Anasema, Daktari, hicho unachoandika ni kitu gani, tunaweza kukio